Akili Haipimwi kwa Mizani: Umbo la Ubongo na Kazi Yake

Kila siku, nyumbani na shuleni, husikika maneno haya: "Huyu ana kichwa chepesi, lakini ndugu yake kichwa chake kizito." Mara nyingi hunenwa mbele ya mtoto mwenyewe. Naye akiisha kuambiwa hivyo mwaka baada ya mwaka, huyaamini. Huacha kuinua mkono darasani, huogopa hesabu, na mwisho baba yake huona ya kuwa fedha anazotoa kwa masomo yake ni kama fedha zilizotupwa mtoni.

Je, ni kweli kwamba wengine huzaliwa na vichwa vizito na wengine na vyepesi? Je, akili hutokana na ukubwa wa ubongo, au na namna ubongo unavyofanya kazi? Wataalamu wamechunguza maswali haya kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Hapa kwetu Kenya yaliwahi kujibiwa vibaya, nayo majibu hayo yakawadhuru watu wengi. Katika makala haya tutaeleza mambo yaliyothibitika, ili kila mzazi na kila mwanafunzi apate kuyajua.

UBONGO NI KITU GANI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400, yaani ratili tatu hivi. Ni laini kama maziwa yaliyoganda, na uso wake una mikunjo mingi kama nguo iliyosongwa ndani ya kikapu. Ingawa ni sehemu mbili tu katika mia ya uzito wa mwili, hutumia yapata sehemu 20 katika mia ya nguvu zote za mwili wakati mtu amepumzika. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekaa kitini asome, asiyeinua hata jembe, naye anakula chakula chake kwa kazi ya kweli.

Ndani ya ubongo mna chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu, ambazo hupokea habari na kuzipeleka. Mwaka 2009 wataalamu wa Brazil, mmoja wao akiwa Bibi Suzana Herculano-Houzel, walitangaza hesabu ya chembe hizo. Waliusaga ubongo ukawa kama supu, wakahesabu viini vya chembe katika matone ya supu hiyo, kisha wakapiga hesabu ya supu yote. Waliona ya kuwa mtu ana chembe yapata milioni elfu 86. Kati ya hizo, karibu milioni elfu 16 zimo katika gamba la nje la ubongo, ambalo ndilo lenye kazi kubwa katika kufikiri, kusema, kukumbuka na kupanga mambo. Zilizo nyingi zaidi, kama milioni elfu 69, zimo katika ubongo mdogo ulio upande wa kisogo, ambao husaidia sana katika kuongoza miendo ya mwili.

Kila chembe ina nyuzi zinazoifikia chembe nyingine, na mahali zinapokutana ndipo habari hupita. Nyuzi nyingi huvikwa mafuta meupe, kama waya wa umeme unavyovikwa mpira. Uzi uliovikwa vema huweza kupeleka habari kwa mwendo wa hata mita 100 kwa sekunde moja, lakini uzi usiovikwa huweza kwenda mita moja tu au karibu yake.

Basi tunaposema "umbo la ubongo" tunataja mambo haya yote: ukubwa wake, unene wa gamba lake, hesabu ya chembe zake, na hali ya nyuzi zinazoziunganisha. Na tunaposema "kazi ya ubongo" tunataja yale yanayopita ndani ya umbo hilo, yaani umeme mdogo unaotoka chembe hata chembe, damu inayokwenda sehemu inayofanya kazi, na sukari inayotumika huko.

UZITO PEKE YAKE HAUTUAMBII MENGI

Wataalamu wa kale waliweza kufanya jambo moja tu: kungoja mtu afe, kisha kuutoa ubongo wake na kuupima. Kwa hiyo walishika mno habari ya uzito. Lakini mizani yenyewe iliwasuta.

Ivan Turgenev, mwandishi mashuhuri wa Urusi, alipofariki mwaka 1883, ubongo wake ulionekana kuwa na uzito wa zaidi ya gramu 2,000. Anatole France, mwandishi wa Ufaransa aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1921, alifariki mwaka 1924 akiwa mzee wa miaka 80, na ubongo wake ulikuwa na gramu kama 1,000 tu. Kweli, ubongo hupungua kidogo katika uzee, lakini tofauti ile ilikuwa kubwa mno, na wote wawili walikuwa mabingwa wa kalamu. Albert Einstein, aliyefariki mwaka 1955, alikuwa na ubongo wa gramu 1,230, yaani chini kidogo ya kawaida. Nao wanaume kwa wastani wana ubongo mzito kuliko wanawake kwa sehemu kama 10 katika mia, sababu moja ikiwa ukubwa wa miili yao, lakini hawakuonekana kuwashinda wanawake kwa jumla ya akili.

Tena tumtazame ndovu wetu wa Afrika. Ubongo wake una zaidi ya kilo 4, na mwaka 2014 chembe zake zilihesabiwa kuwa yapata milioni elfu 257, mara tatu ya zetu. Lakini karibu zote zimo katika ule ubongo mdogo wa kisogoni. Katika gamba la nje ndovu hana hata milioni elfu 6, ilhali mtu ana milioni elfu 16. Kwa hiyo namna chembe zilivyogawanywa ni jambo kubwa kuliko uzito wa jumla.

Hata hivyo hatusemi kwamba ukubwa si kitu kabisa. Siku hizi kuna mashine zenye sumaku kubwa ambazo hupiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai bila kumpasua. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa namna hiyo, uliohusu watu zaidi ya 8,000, wakalinganisha ukubwa wa ubongo na alama za mitihani ya akili. Waliona uhusiano upo, lakini ni mdogo. Tofauti za ukubwa ziliweza kueleza yapata sehemu sita tu katika mia ya tofauti za alama. Zilizobaki, sehemu zaidi ya 90, zatokana na mambo mengine. Mtu atakayewapanga watoto darasani kwa kupima vichwa vyao kwa kamba atakosea mara nyingi mno.

MAMBO YALIYOTOKEA NAIROBI

Kosa hilo la kuhukumu kwa mizani lilifanyika hapa kwetu katika siku za ukoloni, na inafaa lijulikane.

Katika miaka ya 1930 Dakitari F. W. Vint, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya serikali mjini Nairobi, alipima bongo za maiti za Waafrika wa Kenya. Mwaka 1934 alitangaza katika jarida la elimu ya mwili huko Uingereza kwamba uzito wao ulikuwa pungufu ukilinganishwa na hesabu za Wazungu, na kwamba gamba la nje lilikuwa jembamba zaidi. Dakitari H. L. Gordon, aliyekuwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, alizitumia habari hizo kuonya juu ya kuwapa Waafrika elimu ya namna ya Ulaya.

Msomaji ataona mwenyewe kasoro za hoja hiyo. Uzito wa ubongo hufuata kimo cha mwili, umri, chakula cha utotoni, na ugonjwa uliomwua mtu. Hufuata pia muda uliopita tangu kifo, na dawa iliyotumika kuuhifadhi. Watu waliofariki Nairobi wakati ule, wengi wao maskini na wenye maradhi ya miaka mingi, hawawezi kuwekwa katika mizani moja na watu wa nchi nyingine walioishi maisha mengine. Na kilicho kikubwa zaidi ni hiki: maiti haifikiri. Hakuna aliyejua marehemu wale walikuwa na akili za namna gani walipokuwa hai. Walipimwa umbo, kazi yake haikupimwa, kisha hukumu ikatolewa juu ya watu wote wa nchi.

Baadaye likaja kosa la upande wa pili. Dakitari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari tangu mwaka 1938 hata 1950, hakushika sana habari ya uzito. Yeye alisema habari ya kazi: ati Mwafrika haitumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Alithubutu kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa kisu cha mpasuaji. Kitabu chake kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na mwaka 1954 serikali ya koloni ilichapa kijitabu chake juu ya Mau Mau, ambamo madai ya watu ya ardhi na uhuru yaligeuzwa kuwa kama ugonjwa wa nafsi. Lakini kazi ya sehemu ile ya ubongo hakuwa ameiona. Aliikisia tu kwa kutazama mienendo ya watu, na wengi aliowatazama walikuwa wagonjwa. Miongoni mwa waliompinga alikuwa Dakitari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyeongoza hospitali ya Aro mjini Abeokuta.

Basi mmoja alishika umbo akaacha kazi, na mwingine alidai kazi asiyoipima. Wote wawili waliacha jambo la tatu, nalo ni maisha ya mtu, yaani chakula, maradhi, shule na uhuru wake.

KUUTAZAMA UBONGO ULIO HAI

Mtu wa kwanza kuandika umeme wa ubongo wa binadamu kwa chombo kilichowekwa juu ya kichwa alikuwa Dakitari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani. Alifanya hivyo mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Aliona mawimbi ya umeme yanayobadilika mtu afumbapo macho na ayafumbuapo. Hapo ndipo kazi ya ubongo ilipoanza kuonekana bila mtu kufa kwanza.

Mwaka 1988 Profesa Richard Haier na wenzake huko California, Marekani, waliwapa watu wachache mtihani mgumu wa kufikiri, huku mashine ikipima sukari inayotumika katika sehemu mbalimbali za ubongo. Wengi wangetazamia kwamba mwenye alama nyingi atatumia sukari nyingi. Ikawa kinyume. Waliofanya vizuri walitumia sukari kidogo kuliko waliofanya vibaya. Mwaka 1992 wataalamu hao waliwafundisha watu mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande, uitwao Tetris. Mwanzoni bongo zao zilitumia sukari nyingi. Baada ya majuma kadhaa ya mazoezi waliucheza vizuri zaidi, na sukari iliyotumika ikapungua.

Jambo hili si geni kwetu. Mtazame mwanafunzi wa cherehani siku ya kwanza: hukaza uso, hutoka jasho, mguu wake na mkono wake hugombana, na mshono huenda mrama. Mtazame fundi wake: hushona kanzu huku akiongea na wateja. Fundi hatumii nguvu nyingi kuliko mwanafunzi. Anatumia zile zipasazo tu, mahali papasapo. Lakini kazi ikiwa ngumu kweli hata kwa fundi, naye huacha mazungumzo akainama. Hivyo ndivyo ilivyoonekana katika ubongo pia: katika kazi nyepesi na za kadiri, mwenye ujuzi hutumia nguvu chache, katika kazi nzito, huweza kutumia nyingi. Kwa sababu hiyo si haki kumwita mtoto mjinga kwa kuwa anatumia muda na jasho katika jambo jipya. Huo ndio mwanzo wa kila fundi.

RELI NA GARIMOSHI

Sasa tuunganishe mambo haya mawili. Tufikiri habari ya reli ile ya kale iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901. Mtu akitaka kujua kama mizigo itafika upesi, atatazama nini? Akitazama vyuma tu, atajua urefu wa njia na uimara wake, lakini hatajua kama magari yanapita. Akitazama magari tu katika kituo kimoja, hatajua kama mbele njia imekatika. Hana budi kutazama njia na magari pamoja, na pia jinsi kituo kimoja kinavyopelekeana habari na kingine.

Ndivyo ilivyo kwa akili. Mwaka 2007 Profesa Haier pamoja na Dakitari Rex Jung walikusanya uchunguzi 37 uliofanywa kwa picha za ubongo, mwingine wa umbo na mwingine wa kazi. Walionyesha ya kuwa akili haikai mahali pamoja. Hutegemea zaidi sehemu za mbele za ubongo pamoja na sehemu za juu kuelekea nyuma, na zaidi ya yote nyuzi nyeupe zinazoziunganisha. Sehemu moja hupokea yaliyoonwa na kusikiwa, nyingine huyapanga na kuyapatia maana, nyingine huyapima na kuchagua la kufanya. Gamba likiwa zuri na nyuzi zikiwa mbovu, habari huchelewa. Nyuzi zikiwa nzuri na chembe zikikosa chakula, hakuna cha kupeleka.

Lakini reli na ubongo hazifanani katika jambo moja kubwa. Chuma cha reli huchakaa kadiri magari yanavyopita. Njia za ubongo hufanana zaidi na njia ya miguu katika majani: kadiri watu wanavyopita, ndivyo inavyopanuka na kuwa wazi; wakiacha kupita, nyasi huifunika. Kazi ya ubongo hujenga umbo lake, na umbo lililojengwa hurahisisha kazi ya kesho.

USHAHIDI WA MADEREVA NA WA WASOMAJI WAZIMA

Je, jambo hilo limethibitika? Limethibitika. Mjini London dereva wa teksi rasmi hapewi ruhusa mpaka ajue kwa moyo njia za mji zipatazo 25,000. Mwaka 2000 Bibi Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva hao wana ukubwa wa ziada katika sehemu ya nyuma ya kiungo kidogo cha ubongo kinachosaidia kukumbuka mahali, chenye umbo la kupinda kama farasi wa baharini. Watu wakauliza: pengine walizaliwa hivyo, ndiyo sababu wakawa madereva? Basi wataalamu wakawapima wanafunzi wa udereva kabla hawajaanza, wakawangoja miaka mitatu hata minne. Mwanzoni wote walikuwa sawa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliojifunza na kufaulu ndio waliokua sehemu ile. Walioshindwa, na wale ambao hawakujifunza kabisa, hawakubadilika.

Huko Colombia, Amerika ya Kusini, watu waliokuwa wapiganaji msituni waliweka silaha wakarudi katika maisha ya kawaida, na baadhi yao wakajifunza kusoma wakiwa watu wazima. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba bongo zao zilipopigwa picha zilikuwa na chembe zilizosongamana zaidi katika sehemu kadhaa za gamba, na nyuzi imara zaidi ziunganishazo upande wa kulia na wa kushoto, kuliko za wenzao wasiojua kusoma. Mwaka 2010 wataalamu wengine waliwapima watu 63 wa Brazil na Ureno, nao wakaona ya kuwa waliojifunza kusoma ukubwani, kazi ya bongo zao mbele ya maandishi ilifanana kwa sehemu kubwa na ya wale waliosoma utotoni.

Basi mama au mzee anayeona haya kuingia darasa la watu wazima, akisema ubongo wake umekwisha kukauka, asidanganyike. Mtoto hujifunza upesi zaidi, ni kweli, lakini mlango haujafungwa kwa mtu mzima.

WATOTO WA EMBU

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi watoka Embu. Mwaka 1984, na tena mwaka 1998, watoto wa shule wa sehemu moja ya wilaya hiyo walipewa mtihani uleule wa michoro. Mtoto huonyeshwa michoro inayofuatana kwa utaratibu, mmoja haupo, naye huchagua ule unaofaa. Mtihani huo hauhitaji Kiingereza wala hesabu za shule. Watoto wa 1998 walipata alama nyingi sana kuliko watoto wa 1984.

Katika miaka 14 damu ya watu wa Embu haikubadilika. Wao ni wana wa nchi ileile na wa koo zilezile. Yaliyobadilika ni mengine: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, watoto katika kila nyumba walikuwa wachache zaidi, na chakula na afya vilikuwa vimeongezeka. Wataalamu waliotangaza habari hiyo mwaka 2003 walitaja mambo hayo kuwa ndiyo sababu zilizo karibu.

Huko huko Embu, tangu mwaka 1998, watoto wa shule 12 waligawanywa. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya miaka miwili, waliopewa nyama walikuwa wameendelea kuliko wengine wote katika mtihani ule wa michoro. Nyama ina madini ya chuma na ya zinki ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, na ubongo huyahitaji.

Hatukatai kwamba mtu hurithi baadhi ya uwezo wake. Lakini mkulima anajua jambo hili vema. Chukua mahindi ya debe moja, panda nusu katika shamba lenye samadi na nusu katika shamba lililochoka. Ndani ya kila shamba mimea itapitana kwa sababu ya mbegu. Lakini tofauti baina ya shamba na shamba imeletwa na udongo. Wale waliopima bongo Nairobi walitazama udongo uliochoka, wakailaumu mbegu.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa kuwa umbo na kazi ya ubongo hujengwa pamoja, mzazi anaweza kusaidia kote kuwili.

Kwanza, mama mwenye mimba apate chakula bora, ahudhurie kliniki, na ajiepushe na pombe, kwa maana ubongo huanza kujengwa katika majuma ya kwanza ya mimba. Nyumba itumie chumvi yenye madini joto, kama sheria ya Kenya inavyotaka chumvi yote ya kula iwe. Madini hayo yakikosekana sana, mama huweza kupata rovu shingoni, na mtoto huweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa ambao ni vigumu kuurekebisha baadaye.

Pili, mtoto alale ndani ya chandarua. Malaria ikipanda kichwani haiishii katika homa tu. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba watoto waliotibiwa malaria ya namna hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala, walipimwa tena baada ya miaka miwili, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa amepungukiwa katika kufikiri, kukumbuka au kukaza nia. Mtoto mwenye homa na degedege asipelekwe kwanza penginepo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Tatu, kichwa kilindwe. Mtoto asipigwe kichwani kwa sababu yoyote, na apandaye pikipiki avae kofia ngumu.

Nne, mtoto apate usingizi wa kutosha. Katika usingizi ubongo huendelea kufanya kazi, ukiyaweka mahali pake mambo yaliyojifunzwa mchana. Mwanafunzi anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani humwaga kwa mkono mmoja alichoteka kwa mwingine.

Tano, tuzungumze na watoto tangu wachanga. Tuwasimulie hadithi, tuwategee vitendawili, tuwasomee, tuwaache waulize. Kitendawili kimoja cha jioni humfanya mtoto akumbuke, alinganishe, akisie na ajirekebishe. Wahenga walituachia shule hiyo, nayo haina karo.

Sita, mtoto asitolewe shuleni upesi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya habari za watu zaidi ya 600,000 katika nchi mbalimbali, wakaona ya kuwa kila mwaka mmoja wa shule huongeza alama za mitihani ya akili kwa kiasi cha moja hata tano. Sehemu ile ya mbele ya ubongo, ambayo ati Mwafrika hakuitumia, ndiyo ichelewayo kukomaa kwa kila mtu duniani, nayo huendelea kujengwa mpaka yapata umri wa miaka 25. Kijana wa miaka kumi na minne aliyeshindwa mtihani mmoja bado anajengwa.

Mwisho, tuache neno lile la "kichwa kizito". Akija mtoto na daftari lenye alama nyekundu nyingi, kwanza tuulize: Amekula? Amelala? Anasikia vizuri, anaona ubao? Aliugua nini alipokuwa mdogo? Amefanya mazoezi mara ngapi? Maswali hayo yana majibu, na mengi katika majibu hayo yana dawa.